Nani Ameshika Benki? Fikira Juu ya Kufundisha Uwezekano kwa Punje za Maharage

Miongoni mwa mambo yanayomkabili mwalimu wa shule ya msingi siku hizi ni kamari. Jambo lenyewe si geni, lakini sura yake imebadilika. Zamani mtoto alionywa asisimame penye karata tatu kando ya soko au kituo cha mabasi. Leo kamari imo ndani ya simu ya kaka yake, imo katika mashine ya sarafu iliyo mlangoni mwa duka, na imo katika matangazo yanayofuatana na habari za mpira. Nchini Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza. Hata hivyo si ajabu kumkuta mwanafunzi wa shule ya msingi ajuaye maana ya "mkeka" kabla hajajua vizuri maana ya asilimia.

Shule nyingi hujibu jambo hili kwa mawaidha. Mwalimu wa zamu husimama mbele ya mstari asubuhi, husema kamari ni mbaya, huleta fedheha na umaskini, kisha wanafunzi huingia madarasani. Mawaidha ni mema, wala hatusemi yaachwe. Lakini yafaa tujiulize: mtoto aliyemwona jirani akishinda shilingi elfu hamsini jana jioni, atamwamini nani? Mawaidha humwambia kwamba jirani amekosea. Hayamwonyeshi kwa nini ushindi wa jirani huyo, ingawa ni wa kweli, haubadilishi hesabu.

Maoni yetu katika makala haya ni kwamba kazi hiyo yapasa kufanywa na somo la hisabati, na kwamba njia iliyo fupi kuliko zote ni kumfundisha mtoto kuuliza swali moja kila aonapo mchezo wa kubahatisha: Nani ameshika benki? Tena tunadai kwamba swali hili halifundishwi kwa maneno. Hufundishwa kwa kumpa kila mwanafunzi nafasi ya kuishika benki yeye mwenyewe, kwa punje za maharage, akaona kwa macho yake kinachotokea.

Benki ni nini

Neno "benki" hapa halina maana ya nyumba ya kuwekea fedha. Katika michezo ya karata na dadu, mwenye benki ni yule mmoja anayecheza dhidi ya wengine wote: huwalipa walioshinda na huchukua dau za walioshindwa. Wengine huitwa wachezaji. Tofauti hii ni ndogo kwa sura, lakini ndiyo iliyojenga majumba ya kamari duniani.

Mwaka 1638 serikali ya Venice, katika nchi ambayo leo ni Italia, ilifungua jumba la kamari lililoitwa Ridotto, nalo likaendelea hadi lilipofungwa mwaka 1774. Humo aliyetaka kucheza aliweza kucheza, lakini benki ilikuwa haki ya watu wa ukoo wa kikabaila. Watawala wale walijua wanalolifanya: waliwaachia watu wote bahati, wakajiwekea wao hesabu.

Huko London, mwanasiasa mashuhuri Charles James Fox alikuwa amepoteza fedha nyingi sana akiwa mchezaji. Mwaka 1781, katika klabu ya Brooks's, yeye na wenzake walishika benki ya mchezo wa karata uitwao faro, na mara bahati yake ikaonekana kugeuka. Haikuwa bahati. Katika faro mwenye benki hufunua karata mbili mbili, moja ikimpa ushindi yeye na nyingine ikimpa mchezaji. Zikitokea karata mbili za namna moja, mwenye benki huchukua nusu ya dau lililowekwa juu ya karata hiyo. Kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyomlisha Fox. Lakini kisa chake kina mwisho unaofaa kukumbukwa: mwaka 1793 marafiki zake walilazimika kuchanga fedha ili kumtoa katika madeni.

Ziada hutoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba jumba la kamari hushinda kwa hila, kama yule wa karata tatu ambaye vidole vyake ni vyepesi kuliko macho yetu. Mwalimu asiruhusu fikira hiyo kutawala darasani, kwa maana mtoto anayeamini kwamba adui ni hila atadhani kwamba mchezo usio na hila hauna madhara. Kasino yenye leseni haihitaji hila. Hushinda mchana kweupe, kwa kanuni zilizobandikwa ukutani.

Tuchukue ruleta. Gurudumu la namna ya Ulaya lina vituo 37, yaani namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri. Anayeweka shilingi moja juu ya namba moja, namba hiyo ikitoka, hupata shilingi 35 na kurudishiwa ile moja yake; jumla 36. Sasa tuseme mtu ameweka shilingi moja juu ya kila kituo, vyote 37. Lazima ashinde, kwani namba yoyote itakayotoka ni yake. Ametoa 37, amepokea 36. Shilingi moja katika 37 imebaki kwa mwenye benki, nayo ni kama 2.7 kwa mia. Gurudumu la namna ya Marekani lina sifuri mbili, vituo 38, na kinachobaki ni 2 katika 38, yaani kama 5.3 kwa mia. Hicho kinachobaki katika kila dau, kwa wastani, tutakiita "ziada ya benki".

Katika mchezo wa karata wa ishirini na moja ziada hutoka mahali pengine: katika zamu. Mchezaji huchukua karata zake kwanza. Akipita 21 amekwisha shindwa, na dau lake huchukuliwa papo hapo, hata kama baadaye mwenye benki naye atapita 21. Wote wawili wamekosea kosa lilelile, lakini mmoja tu ndiye aliyelipa.

Basi ziada hupatikana ama katika malipo, ama katika zamu, ama katika kuamua nani achukue iwapo pande mbili ziko sawa. Hilo la tatu ndilo jepesi kuliko yote kwa watoto, nalo ndilo tunalolipendekeza kwa darasa.

Mchezo wa punje

Zana ni hizi: kopo moja kwa kila wanafunzi wawili, vikaratasi sita vyenye namba 1 hadi 6, na punje za maharage au vizibo vya chupa, 30 kwa kila mwanafunzi. Pasitumike sarafu hata moja, wala penseli, wala kitu chochote ambacho mtoto angesikitika kukikosa. Punje zote ni mali ya shule na hurudi katika mfuko wa shule mwisho wa kipindi.

Somo la kwanza. Katika kila jozi mwanafunzi mmoja ni benki na mwingine ni mchezaji. Kila mmoja huweka punje moja. Mchezaji huchomoa kikaratasi, husoma namba, hukirudisha koponi. Kisha benki hufanya vivyo hivyo. Mwenye namba kubwa huchukua punje zote mbili. Namba zikilingana, benki huchukua. Jozi icheze mara 36 na kuandika matokeo daftarini kwa vijiti.

Kabla ya kuanza, mwalimu aulize darasa kama mchezo huu ni wa haki. Wengi watasema ni wa haki, kwa kuwa namba ni zilezile na kopo ni lilelile. Mwalimu asiwasahihishe. Waache wacheze.

Baada ya mchezo, matokeo yaandikwe ubaoni. Hapa pana jambo ambalo mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha hana budi kujiandaa nalo: katika jozi kadhaa mchezaji atakuwa amemshinda benki. Asilifiche, wala asiwaambie watoto hao kwamba wamecheza vibaya. Huyo ndiye jirani aliyeshinda elfu hamsini. Mwalimu akimkana, amelikana jambo la kweli, na darasa halitamwamini tena. Badala yake ajumlishe jozi zote. Darasa la wanafunzi 40 lina jozi 20, na michezo 36 kwa kila jozi ni michezo 720. Katika jumla hiyo benki atakuwa ameshinda mara karibu 420 na wachezaji mara karibu 300. Jozi moja moja huyumba. Jumla haiyumbi sana.

Kisha jedwali lichorwe: safu sita za benki, mistari sita ya mchezaji, visanduku 36. Wanafunzi wapake rangi mahali benki anaposhinda. Watakuta mchezaji ana visanduku 15 na benki ana 21. Vile 15 vya kila upande vinalingana. Tofauti yote imo katika visanduku sita vya mshazari, pale namba zinapofanana. Sita katika 36 ni sehemu moja katika sita, yaani kama 16.7 kwa mia. Mtoto ameiona ziada ya benki kama mstari wa rangi katika daftari lake, na ameona kwamba hakuna aliyemdanganya.

Somo la pili. Mchezo ni uleule, ila baada ya kila mchezo mmoja benki inahama. Aliyekuwa mchezaji sasa ni benki. Kanuni ya kulingana haikubadilika hata kidogo, wala ile sita katika 36 haikuondolewa. Lakini kwa kuwa kila mmoja anaipata kwa zamu, kwa wastani hakuna anayeelemewa. Hapa mwalimu anaweza kuwakumbusha watoto upatu wa mama zao, ambamo kila mmoja hutoa na kila mmoja hufikiwa na zamu ya kupokea. Upatu unapendeza kwa sababu zamu inazunguka. Hebu fikiria upatu ambao mtu mmoja tu ndiye apokeaye kila mwezi. Nani angekubali kuchanga?

Somo la tatu. Benki inaendelea kuhama, lakini sasa mwalimu anaweka kopo lake mwenyewe katikati ya darasa na kusema, "Mimi ndiye mwenye nyumba. Sichezi, wala sishiki benki. Nawapa mahali pa kuchezea tu." Katika kila michezo 20, mshindi wa mchezo wa ishirini hutia koponi punje ile aliyoishinda. Kila jozi icheze mara 40. Ni kodi ndogo, moja katika ushindi 20, na hakuna mtoto atakayeilalamikia. Mwisho wa kipindi kopo la mwalimu litakuwa na punje 40 kutoka jozi 20. Kila jozi iliyoanza na punje 60 sasa ina 58. Wengine wamepata na wengine wamepoteza, lakini darasa zima limepungukiwa, na aliyeongezekiwa ni yule ambaye hakucheza hata mara moja.

Kuishika benki katika kasino

Masomo haya matatu si ya kubuni. Ndivyo mambo yalivyo katika meza za kweli, na ni vyema mwalimu ajue ili asizidiwe na mwanafunzi mdadisi.

Huko Ufaransa ulikuwako mchezo wa bakara uitwao "chemin de fer", maana yake njia ya reli, ambamo benki huzunguka meza kutoka kwa mchezaji mmoja hadi mwingine, na nyumba huchukua asilimia 5 ya ushindi wa benki. Huko California mwaka 1985 Sam Torosian wa Bell Card Club alianzisha mchezo wa karata uitwao "pai gow poker". Katika mchezo huo, mikono ikilingana sawasawa mwenye benki ndiye anayeshinda, vilevile kama katika maharage yetu, na nyumba hukata asilimia 5 ya ushindi, yaani moja katika 20. Nyumba inaposhika benki, mchezaji hupoteza kwa wastani karibu 2.7 katika kila 100 anazoweka. Katika kasino zinazomruhusu mchezaji kushika benki dhidi ya nyumba peke yake, anaposhika yeye hasara hiyo hushuka hadi karibu 0.2 katika 100.

Tazama vizuri namba hiyo. Imeshuka sana, lakini haikufika sifuri. Aliyeshika benki amejipatia ule mshazari wa visanduku, kisha kodi ya asilimia 5 imeula karibu wote. Katika darasa letu pia: mchezaji asiyepata benki kamwe hupoteza 16.7 kwa mia. Anayeipata kwa zamu na kulipa kodi ya kopo hupoteza 2.5 kwa mia. Ni nafuu kubwa, lakini ni nafuu ya mtu anayevuja polepole badala ya kuvuja haraka.

Wapo basi wanaoandika vitabu vya kumshauri mchezaji ashike benki kila apatapo nafasi. Kwa hesabu ushauri huo ni sahihi. Tunaueleza hapa kwa sababu una mafunzo mawili ambayo washauri hao hawayatilii mkazo.

La kwanza ni mtaji. Mwenye benki hana budi kuweza kuwalipa wote kwa mara moja. Mwalimu anaweza kulionyesha hili kwa dakika tano: mpe mwanafunzi mmoja benki yenye punje tano tu, acheze dhidi ya wenzake watano kwa kikaratasi kimoja cha benki. Kila mzunguko, kwa wastani, unampa faida karibu ya punje moja. Lakini mara zaidi ya 9 katika 100 wote watano watamshinda pamoja, naye atakwisha katika mzunguko wa kwanza kabla hesabu haijapata nafasi ya kumsaidia. Ziada ni ya mwenye uwezo wa kungoja. Huko California sheria kwa miaka mingi imevizuia vyumba vya karata vyenye leseni kushika benki vyenyewe. Lazima benki itolewe kwa wachezaji kwa zamu. Matokeo yake ni nini? Wachezaji wengi huikataa, ama kwa kukosa fedha ama kwa hofu, na yametokea makampuni ambayo kazi yake ni kuketi mezani na kuishika. Haki imetolewa kwa wote, na wameichukua wenye mtaji.

La pili ni jina. Katika bakara ya siku hizi mtu anaweza kuweka dau upande ulioandikwa "benki". Upande huo hushinda kama mara 45.9 katika 100, upande wa "mchezaji" mara 44.6, na zilizobaki ni sare. Lakini aliyeweka dau hapo hakushika benki. Pande zote mbili ni za nyumba. Yeye amechagua tu neno. Nyumba hukata asilimia 5 ya ushindi wake, na bado hubaki na ziada ya karibu 1.06 kwa mia, ikilinganishwa na 1.24 kwa upande wa pili. Mtoto anayefundishwa kuuliza nani ameshika benki lazima afundishwe pia kutodanganyika na kibao kilichoandikwa "benki".

Benki isiyozunguka

Sasa turudi nyumbani, kwa kaka mwenye simu. Katika kubashiri matokeo ya mpira, benki haizunguki kamwe. Kampuni ndiyo benki asubuhi, ndiyo benki jioni, na hakuna kitufe cha kuiomba zamu.

Tuchukue mfano wa timu mbili zenye nguvu sawa, katika shindano ambalo lazima mmoja ashinde. Kila upande una nafasi moja katika mbili. Tuseme kampuni inalipa mara 1.90 kwa upande wowote. Anayeweka shilingi 100 atapokea 190 au hatapokea kitu. Kwa wastani atarudishiwa 95. Tano zimebaki. Lakini kijana haweki mechi moja, huunganisha nyingi katika mkeka mmoja ili malipo yawe makubwa. Akiunganisha mechi tano za namna hii, 0.95 inazidishwa kwa yenyewe mara tano, na katika kila shilingi 100 hurudi kwa wastani kama 77. Akiunganisha kumi, hurudi kama 60. Kila mechi aliyoiongeza kwa matumaini imemwongezea benki sehemu yake. Hii ni hesabu ya kuzidisha desimali, ambayo mtoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi anaweza kuifanya, nasi hatujui hesabu nyingine ya desimali atakayoikumbuka zaidi.

Majibu kwa wanaopinga

Yapo mapingamizi matatu ambayo mwanachuo atakutana nayo katika ofisi ya walimu, na yapasa ayajibu kwa adabu.

Kwanza, atasikia kwamba kamari ni haramu na haifai kuingizwa darasani hata kwa maharage. Waislamu wana katazo lililo wazi katika dini yao, na wazazi wengi Wakristo nao hawaipendi. Tunasema mwalimu asianze kabla ya kumweleza mwalimu mkuu na wazazi, na kuwaonyesha andalio la somo. Asiuite mchezo huu kamari, kwa kuwa si kamari: hakuna anayeondoka na mali ya mwenzake. Na mzazi anayesema hataki, mwanawe apewe kazi ya kuandika jedwali na kujumlisha. Atajifunza jambo lilelile bila kugusa kopo. Tumkumbushe pia mwenye shaka kwamba hisabati ya uwezekano ilizaliwa mahali hapa hapa: mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya namna ya kugawa dau la mchezo uliokatizwa kabla haujaisha, na leo hesabu hiyo hiyo inatumika katika bima, katika kilimo na katika kupima dawa.

Pili, ataambiwa kwamba hakuna muda, muhtasari ni mrefu na mtihani unakaribia. Lakini mchezo huu hauongezi mada. Ndani yake mna sehemu, asilimia, desimali, majedwali na wastani, ambavyo ni lazima vifundishwe. Unachukua nafasi ya mazoezi, si ya somo.

Tatu, na hili ndilo zito, ataulizwa: je, hatuwafundishi watoto kuwa wenye benki? Kwa hakika yuko mwanafunzi atakayenyosha mkono baada ya somo la kwanza na kusema, "Mwalimu, basi mimi nikiwa mkubwa nitakuwa benki." Darasa litacheka, na mwalimu atavutwa kumkemea. Asimkemee. Mtoto huyo amelielewa somo kuliko wote, na anastahili jibu la hesabu. Mwalimu amwambie ahesabu punje zote za jozi yake kabla ya mchezo na baada yake. Zilikuwa 60, zimebaki 60. Punje sita alizozipata zimetoka wapi? Zimetoka kwa mwenzake anayeketi naye dawati moja. Kisha amuulize: je, punje sita zikipandwa katika shamba la shule, mwisho wa msimu zinakuwa ngapi? Punje iliyopandwa huongezeka bila kumpunguzia mtu. Punje iliyowekwa dau haizai; huhama tu. Tofauti hiyo mtoto ataiona mwenyewe, na akikua atachagua akijua.

Tungependa kuwausia wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha kwamba wasilichukulie somo hili kuwa la mapambo. Wachomoe vikaratasi wao wenyewe kwanza, bwenini, mara 36, wachore jedwali, wajumlishe na matokeo ya wenzao. Mwalimu ambaye hajaona jumla ikitulia huku jozi zikiyumba hataweza kusimama mbele ya mtoto ambaye kopo limempa ushindi. Vikaratasi vikatwe kwa ukubwa mmoja na kukunjwa namna moja, kwa maana kikaratasi kikubwa huchomolewa zaidi na kuharibu hesabu. Na kila kipindi kiishe kwa kuhesabu punje zote na kuzirudisha mfukoni, mbele ya darasa, hadi ya mwisho.